Hodi bila Karibu

Kwetu Masisi, na hata kule Walikale chini ya msitu, mtu mwenye adabu haingii nyumbani mwa mwenzake kama mbuzi. Husimama nje, hupiga hodi, hungoja. Aliye ndani akiitikia "karibu", ndipo mgeni huinama na kuingia. Neno hili hodi ni dogo, tena halina habari ndani yake. Halisemi mgeni ni nani, wala ameleta nini. Lasema jambo moja tu: nipo hapa nje, nisikieni. Mengine yote hufuata baada ya karibu.

Tumeanza na jambo hili la kila siku kwa sababu santuri tunayotaka kuipima leo ina jina lenye maana iyo hiyo. Ni santuri ya kwanza ya kundi la Kijerumani liitwalo Kluster, nayo ilitolewa mwaka 1970 kwa jina la Klopfzeichen. Kwa Kijerumani klopfen ni kubisha au kugonga, na Zeichen ni ishara. Basi Klopfzeichen ni ishara ya kugonga, yaani mlio autoao mtu aliyefungiwa mahali, agongaye ukuta au chuma ili walio upande wa pili wajue kwamba yu hai.

Msomaji aweza kutuuliza: gazeti la Wakristo lina shauri gani na santuri ya vijana wa Berlin, ambayo haina wimbo wala mdundo wa kuchezea? Lina shauri, na sababu yake ni hii. Santuri hiyo ilifanywa kwa msaada wa kanisa, na maneno ya dini yalitiwa ndani yake. Swali lililozuka pale ndilo swali letu sisi kila Dominika: mlio mgeni ukisimama mlangoni mwa kanisa, tuuitikie namna gani?

Tuwajue kwanza watu wenyewe. Kundi la Kluster lilianza Berlin Magharibi mwaka 1969. Walikuwa watatu: Conrad Schnitzler, Hans-Joachim Roedelius na Dieter Moebius. Hawakutoka chuo cha muziki. Schnitzler alijifunza sanaa kwa Joseph Beuys mjini Düsseldorf. Moebius alikuwa mtu wa kuchora. Roedelius, aliyezaliwa mwaka 1934, aliwahi kufungwa gerezani huko Ujerumani Mashariki kabla ya kukimbilia Magharibi, na kwa muda alipata mkate wake kwa kukanda viungo vya watu. Vyombo vyao vilikuwa selo, fidla, gitaa, kinanda na vitu vya kugonga. Mashine za sinteta, ambazo leo kila mtu huzifikiri akisikia habari ya muziki wa umeme, wao hawakuwa nazo bado. Walichukua vyombo vya kawaida, wakavipitisha katika mitambo inayokuza sauti na kuirudisha kama mwangwi wa mlimani, mpaka selo ikasahau kwamba ni selo.

Watu wa namna hiyo, bila fedha na bila jina, wangepata wapi santuri? Hapo ndipo alipotokea Oskar Gottlob Blarr, mpiga kinanda wa kanisa la Kiprotestanti la Neander mjini Düsseldorf, mtu aliyependa muziki mpya. Yeye aliwafungulia njia. Walinasa sauti zao karibu na mji wa Köln, na fundi wao alikuwa Conny Plank, ambaye baadaye jina lake lilivuma kwa kazi aliyofanya na kundi la Kraftwerk. Nyumba ya Schwann ya Düsseldorf, iliyozoea kutoa muziki wa kanisa, ndiyo iliyoitoa santuri. Zilipigwa nakala 300 tu. Tena palikuwa na sharti moja: upande wa kwanza uwe na maneno ya dini. Maneno hayo yasomwa na mwanamke, Christa Runge. Upande wa pili hauna maneno kabisa. Kila upande wachukua zaidi ya dakika 20.

Tuliisikiliza jioni moja, tukiwa watu wanne, kwa simu na kipaza sauti kidogo kinachopata umeme wake kwa jua. Palikuwa na mwalimu wa kwaya, na kijana mmoja anayetengeneza midundo kwa kompyuta, na mzee mmoja mwenye asili ya Walikale. Baada ya dakika tano mwalimu wa kwaya alicheka, akasema: "Hawa bado wanatafuta sauti. Mtaniita wakisha kuanza." Kijana hakusema kitu, alisogeza kiti karibu na kipaza sauti. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha, kisha akauliza neno moja: "Ni nani anayewajibu?"

Katika maneno hayo mna hukumu yote, nasi hatutafanya zaidi ya kuyafafanua.

Mwalimu wa kwaya hakukosea alipocheka. Atafutaye wimbo hataupata humu. Hakuna ubeti, hakuna kiitikio, hakuna mdundo wa kushika kwa mguu. Kitu chagongwa, mwangwi wakirudisha mara nyingi mpaka kinafifia. Selo yakwaruzwa kwa upinde kama mlango wa chuma usiotiwa mafuta. Mngurumo wainuka polepole, wakaa, washuka. Wale watatu hawakuandika kitu kabla ya kuanza. Walipiga, wakasikilizana, wakaenda mbele. Mara nyingine waonekana kama watu watembeao gizani ambao kila mmoja amewanyoshea wenzake mikono. Na mara nyingine, tuseme kweli, waonekana kama watu waliochoka kutafuta, nao waendelea kwa sababu tu mashine ya kunasa ingali yazunguka.

Lakini si haki kumshitaki mpiga hodi kwa sababu hakuhubiri. Tuutazame upande wa kwanza, ule wenye maneno, maana hapo ndipo kosa kubwa lilipo, nalo si la wale watatu peke yao.

Sauti ya msomaji ni kavu na imenyoka. Yapita juu ya milio kama mafuta juu ya maji. Milio yapanda, yeye hapandi. Milio yanyamaza, yeye hanyamazi ili kuusikia unyamavu huo. Wala milio haimjali yeye. Akisema jambo zito, haitetemeki. Akimaliza, haijui kwamba amemaliza. Sote twalijua jambo hili. Ni kama padri ahubiriye huku mashine ya kusaga mahindi inanguruma nyuma ya ukuta. Mahubiri ni mema, na unga ni mwema, lakini havikukutana.

Kwa nini havikukutana? Kwa sababu maneno hayakuzaliwa pamoja na milio. Yaliwekwa pale kama malipo: ninyi mpate santuri, sisi tupate maneno yetu. Twamsifu Blarr kwa kuwa aliufungua mlango wakati wengine wangeufunga kwa komeo. Lakini mlango ulifunguliwa nusu. Kanisa lilisikia hodi, na badala ya kusema "karibu, habari za huko utokako?", likasema: "Ingia, lakini nitasema mimi." Mgeni akaingia, akakaa, akaendelea kugonga chini ya meza. Na mwenye nyumba akaendelea kusema.

Tusiende mbali kutafuta mfano ulio bora. Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga wa Walikale, mwimbaji mmoja jina lake Shé-Kárisi Rureke alimsimulia Daniel Biebuyck habari yote ya shujaa Mwindo. Kazi hiyo ilichukua siku 12. Rureke hakusoma. Aliimba, alisimulia, alicheza, akiwa na kibuyu cha kutikisa mkononi, na vijana kando yake waligonga mti mkavu kwa fimbo, na watu waliokuwapo waliitikia. Habari hiyo ilipigwa chapa huko California mwaka 1969, kwa kazi ya Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe. Ni mwaka ule ule kundi la Kluster lilipoanza.

Tazama sasa tofauti. Kule Walikale pia palikuwa na kugonga, tena kugonga kitu duni kabisa, mti mkavu. Lakini ule mti ulimjua msimulizi. Alipokimbia, ulikimbia, aliposimama, ulimngoja. Neno na mlio vilikuwa kama mume na mke waliozeeka pamoja. Hakuna aliyelipwa ili amvumilie mwenzake.

Na ndani ya habari yenyewe mna jambo linalotufaa zaidi. Baba yake Mwindo, Shemwindo, hakutaka mtoto wa kiume. Mtoto alipozaliwa alitaka kumwua, na alipokwisha kushindwa kwa njia nyingine alimfungia ndani ya ngoma, ngoma ikafunikwa kwa ngozi na kutupwa katika maji ya mto. Lakini ngoma haikunyamaza. Ilipanda juu ya maji, na mtoto akaimba ndani yake, hata watu waliokwenda mtoni wakasikia. Wazee wetu walijua basi, zamani kabla ya umeme wowote, ni nini ishara ya kugonga. Ni sauti ya yule ambaye wakubwa walitaka asisikike.

Wajerumani nao wana habari yao ya namna hiyo. Tarehe 24 Oktoba 1963, bwawa la tope la mgodi wa chuma wa Lengede lilipasuka, maji yakaingia mgodini. Watu 29 walikufa. Wengi walikuwa wamekwisha kata tamaa. Ndipo tarehe 3 Novemba chuma cha kutobolea ardhi kilipofika kwenye uwazi mmoja, na kutoka chini kukasikika kugonga. Watu 11 walikuwa hai mle gizani. Tarehe 7 Novemba, baada ya majuma mawili chini ya ardhi, walitolewa juani. Kugonga kule hakukuwa muziki, wala hakukuwa na neno. Lakini hakuna kwaya iliyopata kusikilizwa kwa moyo kama ulivyosikilizwa mlio ule. Mwaka 1970 Mjerumani aliyesoma jina Klopfzeichen juu ya santuri aliweza kuikumbuka Lengede.

Nasi wa Masisi na Walikale twakumbuka nini? Hatuna haja ya kuambiwa. Rubaya ni yetu, pamoja na vilima vyake vya koltani. Bisie ni yetu, pamoja na kasiteriti yake. Koltani hutoa tantali, ambayo hufanyiwa vipande vidogo vya kuwekea umeme ndani ya simu na kompyuta. Kasiteriti hutoa bati, na kwa bati mafundi hulehemu viungo vya karibu kila mtambo wa elektroniki ulimwenguni. Hatusemi juu ya mitambo ya Kluster ya mwaka 1970. Twasema juu ya ile simu iliyokuwa mezani jioni ile. Muziki wa umeme wa siku hizi, wa Berlin, wa Kampala au wa Kinshasa, hupita katika mawe ya namna hiyo, na mengi hutoka katika mashimo yetu. Mashimo ya Rubaya yameporomoka mara nyingi, yakawafunika vijana wetu. Mwezi wa Aprili 2024 waasi wa M23 waliiteka Rubaya. Machi 2025 walifika mpaka mji wa Walikale, wakaondoka mwezi uliofuata. Wenye bunduki wabadilika, na wachimbaji washuka shimoni vile vile. Nani asimamaye juu ya shimo na kunyamaza ili asikie kama kuna agongaye chini?

Kwa moyo huo twageukia upande wa pili wa santuri, ule usio na maneno. Twakiri kwamba upande huu ulitugusa zaidi, wala hatuoni haya kusema hivyo katika gazeti la Wakristo. Kwanza masikio hupinga. Halafu, kwa kuwa hakuna neno la kushika, mtu huanza kusikiliza kweli. Husikia mlio mmoja umbali wake ni upi na mwingine upi. Husikia kwamba kitu fulani chagongwa kwa uangalifu, kisha pana kimya kifupi, kisha chagongwa tena, kama mtu anayengoja. Hakuna ahadi ya kufurahisha wala cha kuuzwa. Katika siku hizi ambazo kila kipaza sauti kimejaa matangazo, ni tunu kupewa dakika 20 za kusikiliza tu. Kitabu cha Ufunuo chamwonyesha Bwana mwenyewe amesimama mlangoni akibisha. Hakuuvunja mlango. Alibisha. Asiyejifunza kusikiliza mlio mdogo ulio nje atajuaje siku hiyo kwamba mlango wake umebishwa?

Hata hivyo tusiisifu kupita kiasi. Swali la mzee lingali pale pale: ni nani anayewajibu? Mzee amezoea ngoma za msitu, ambazo kijiji kimoja hupiga na kingine huitikia. Kwake, kupiga bila kuitikiwa ni kazi iliyokatika katikati. Na huo ndio upungufu wa santuri hii hata katika upande wake ulio bora. Wale watatu wasikilizana wao kwa wao, lakini hawakumwachia msikilizaji mahali pa kusema "karibu". Hakuna kiitikio, hata kidogo. Twabaki nje tukiwatazama watu wanaobisha ukuta wao wenyewe.

Linganisha na Missa Luba, iliyoimbwa kule Kamina, Katanga, na kunaswa mwaka 1958, chini ya Padri Guido Haazen. Waimbaji wale nao walitunga mengi papo hapo, bila karatasi. Nao pia walipewa maneno na Kanisa, tena Kilatini, lugha ngeni kuliko zote. Lakini hawakusoma maneno juu ya ngoma. Waliyapitisha katika koo zao na katika desturi ya mmoja kuanza na wengi kuitikia, mpaka Kilatini kikaonekana kama kilizaliwa pale. Ndiyo karibu kamili. Neno liliingia ndani ya mlio, na mlio ndani ya neno. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika Hati yake juu ya Liturjia ya mwaka 1963, uliagiza muziki wa mataifa upewe heshima inayostahili, na ukaruhusu vyombo vingine mbali na kinanda, mradi vifae kwa utakatifu wa mahali. Misale ya majimbo ya Zaire, iliyokubaliwa mwaka 1988, ilikuwa tunda la njia hiyo.

Basi tufanye nini sisi? Hatushauri mtu yeyote aipige Klopfzeichen katika Misa Takatifu. Mwalimu wa kwaya angejiuzulu, naye angekuwa na haki. Twashauri mambo mengine mawili.

La kwanza ni juu ya vinanda vya umeme vilivyojaa katika parokia zetu. Vina ngoma zilizowekwa ndani tayari. Bonyeza kitufe, na mdundo watoka, ule ule kwa Pasaka na kwa mazishi. Tumeweka maneno yetu matakatifu juu ya mdundo usiotujua, nasi twashangaa kwamba watu hawaitikii. Kosa la upande wa kwanza wa santuri ya Kluster twalifanya kila Dominika, tena bila ujasiri wa wale vijana, ambao angalau milio ilikuwa yao wenyewe. Kuna wazee katika mashirika yetu wajuao kugonga mti mkavu kumfuata msimulizi. Waulizwe kabla hawajaenda.

La pili ni juu ya yule kijana aliyesogeza kiti. Wako wengi kama yeye, wanaotengeneza milio usiku kwa kompyuta iliyovunjika nusu. Wakija kwetu, twawapa mara moja maneno ya kuweka juu: imba juu ya amani, imba juu ya chanjo, imba juu ya sikukuu ya somo wa parokia. Ni maneno mema yote. Lakini hatujawauliza wamesikia nini. Huenda katika milio yao mna kilio cha ndugu aliyebaki chini ya kilima, nao hawajapata bado neno la kukisema. Tukitanguliza maneno yetu, tutakifunika mara ya pili.

Tulipozima simu, kijana aliuliza kama aweza kuichukua santuri ile katika simu yake. Tulimpa. Mwalimu wa kwaya alimwambia: "Chukua, lakini ukipiga hodi kwa namna hii nyumbani kwangu, nitakuletea mbwa." Tulicheka sote. Kisha mzee akamgeukia kijana, akachukua kijiko cha chai, akagonga mara mbili juu ya meza, akangoja.

Kijana alifikiri kidogo, naye akamjibu kwa kugonga.